Mpira hauko mahakamani: misemo ya michezo katika Kiingereza cha kila siku

Barua pepe inaingia asubuhi katika ofisi ya kutembeza watalii, Shangani. Mgeni anataka kupelekwa Changuu na wenzake 11, kisha wazungushwe Mji Mkongwe, na anamalizia kwa kuomba "a ballpark figure". Anayesoma anajua "ball" ni mpira, "park" ni bustani, "figure" ni tarakimu au umbo. Akiyaunganisha maneno hayo hapati kitu. Mgeni kwa upande wake hakuuliza jambo gumu: anataka bei ya kukisia, ajue kama safari itamgharimu dola 300 au 900.

Kiingereza cha ofisini, cha redioni na cha mezani kimejaa misemo ya namna hii, na inawakwaza hata waliosoma lugha hiyo vizuri. Sababu ni kwamba maneno yake ni mepesi mno. Hakuna hata moja ambalo mwanafunzi hakulipata skuli, kwa hiyo msomaji haoni haja ya kufungua kamusi, na akiifungua anatafuta neno mojamoja wakati maana imekaa katika kundi zima. Tunachokosa si msamiati, ni mchezo wenyewe. Ukitaka kuielewa misemo hii acha kutafsiri maneno, uangalie uwanjani: huu ni mchezo gani, mpira uko kwa nani, na nani anaumia katika dakika hiyo. Ukishayajua hayo matatu, maana huja yenyewe.

Michezo tuliyokulia

Misemo ya soka ndiyo rahisi kwetu. Chukua "move the goalposts". Katika chandimu goli ni mawe mawili au ndara mbili, na kila aliyecheza, awe wa Jang'ombe au wa Wete, anamjua kipa anayesogeza jiwe kwa kisigino wakati wenzake wote wametazama upande wa pili. Goli la hatua tano linakuwa la hatua tatu na nusu, na anayekuja kupiga shuti anakuta shabaha aliyoipigia hesabu haipo tena. Msemo umezaliwa hapo hapo. Ofisi inakwambia leta barua ya sheha. Umeleta. Inataka picha mbili. Umeleta. Sasa inasema barua ile imepitwa na muda, leta mpya. "They keep moving the goalposts."

Kosa linalofanyika sana ni kuutumia kwa badiliko lolote. Ada ikipandishwa kuanzia mwakani na tangazo likatolewa mapema, hakuna jiwe lililosogezwa. Hiyo ni kanuni mpya ya mechi mpya. Ili msemo ukae mahali pake, lazima mtu awe ameshaanza kulikimbilia goli la mwanzo. Ndani yake mna shutuma ya ujanja, kwa hiyo usimwandikie bosi wala mteja kama hukukusudia kumshutumu.

"A level playing field" anauelewa kila aliyecheza mpira ufukweni maji yakiwa yametoka. Mchanga umeinama, timu moja inapanda na nyengine inateremka, na ndiyo maana wakati wa mapumziko hubadilishana magoli. Katika biashara na siasa msemo huu unataja hali ambayo hakuna anayeteremka peke yake: kodi ni moja, kanuni ni moja, mwamuzi ni mmoja. Magazeti yetu yameshazoea kuandika "uwanja sawa", lakini kwa asiyefuatilia soka "mazingira sawa ya ushindani" inaeleweka upesi zaidi. "Own goal" haihitaji maelezo marefu: ni kujifunga, yaani mtu au taasisi kujidhuru kwa kitendo chake. Kitenzi chake ni "score", kama vile goli lenyewe.

Pamoja na soka tunao mchezo mwengine unaotupa faida ambayo hata Waingereza wengi wa mjini hawanayo, nao ni resi za ngalawa. Wenzetu husema "that took the wind out of his sails" bila ya kuona kitu machoni mwao. Nahodha wa ngalawa anakiona. Ngalawa inayokupita upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, inakuzibia upepo. Tanga lako lililokuwa limejaa linalegea, linapigapiga mlingoti, na mwendo unakufa ingawa hakuna kilichovunjika. Hiyo ndiyo maana kamili. Mtu alikuwa anasema kwa ari, kukatolewa khabari moja, akanywea. Kiswahili kina "kumkata maini", nayo inatosha. Vivyo hivyo "sail close to the wind", kwenda joshi kabisa mpaka ukaribie kupoteza upepo: husemwa kwa mtu anayecheza na mpaka wa sheria, hajauvuka bado, lakini hatua moja tu atauvuka.

Na anayekwenda Makunduchi kuuangalia Mwaka Kogwa mwezi wa Julai, wanaume wakipigana kwa migomba, anaweza kusikia mgeni akisema "no holds barred". "Holds" hapa ni mishiko ya mieleka. Mieleka huwa na mishiko iliyokatazwa. Pale ambapo hakuna uliokatazwa, kila mbinu inakubaliwa. Mgeni anakusudia kwamba watu wanapigana bila ya kujizuia. Kwa Mwaka Kogwa amekosea, maana ule una miiko yake, lakini msemo wenyewe ndivyo ulivyo.

Neno moja, uwanja mwengine

"The ball is in your court" ndio uliopotosha wengi kuliko yote, kwa sababu "court" tuliijua kwanza kama mahakama. Katika msemo huu ni kiwanja cha tenisi. Mimi nimeshapiga, mpira umevuka wavu na kudunda upande wako. Siwezi kufanya lolote mpaka uurudishe. Katika tenisi mpira ukidunda mara mbili umepoteza pointi, na haraka hiyo imo ndani ya msemo. Mgeni aliyekutumia majina, tarehe na nambari za pasipoti, kisha akamalizia kwa maneno hayo, hakutishii kesi. Anasema amekwisha fanya sehemu yake, na kimya chako ndicho kitakachoichelewesha safari. Kiswahili tunasema "mpira uko kwako", hatuna haja ya kuutaja uwanja.

"Fair game" nao una mtego wake. Kila anayeusoma mara ya kwanza huufasiri "mchezo wa haki", na maana yake iko mbali na hapo. "Game" katika msemo huu ni mawindo, mnyama anayeruhusiwa kuwindwa. Gazeti la Kiingereza likiandika kwamba maisha ya mwanasiasa fulani ni "fair game", linasema inajuzu kumwandama na kumchambua. Ukitaka kusema mchezo wa haki, neno ni "fair play". Tofauti ni herufi chache, lakini moja ni sifa na nyengine ni ruhusa ya kupiga.

Umo pia "dark horse". Haumhusu mtu mweusi wala hauna kejeli ya rangi. Katika mbio za farasi ni farasi asiyejulikana, ambaye waweka dau hawana khabari naye, naye akaja akashinda. Mgeni akimwambia mpishi aliyeimba taarab vizuri jioni ile "you're a dark horse", anamsifu: kumbe una kipaji ulichokuwa umekificha.

Besiboli, mchezo usiochezwa hapa

Ugumu hasa unaanzia kwenye besiboli, kwa kuwa Wamarekani ndio wanaotengeneza sehemu kubwa ya programu na filamu tunazozitumia, na mchezo wenyewe hauchezwi mitaani kwetu. Kwa hiyo inafaa kuujua kidogo, angalau umbo lake.

Kuna vituo vinne vilivyopangwa pembe nne za mraba, kila kimoja kikiwa mita 27.4 kutoka kilipo kinachofuata. Kituo cha mwanzo, ambacho pia ni cha mwisho, ni bamba jeupe la mpira lenye pembe tano lililolazwa ardhini. Mpigaji husimama ubavuni mwake na gongo la duara. Mrushaji yuko mita 18.44 mbele yake, anarusha. Mpigaji akiupiga mpira vizuri hutupa gongo na kukimbilia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha kurudi nyumbani. Akiumaliza mzunguko timu yake inapata pointi moja. Akikosa mara tatu anatoka.

Sasa soma misemo. "Step up to the plate": "plate" si sahani ya pilau, ni lile bamba. Mtu anatoka kwenye benchi alikojificha, anakwenda kusimama pale ambapo mpira utarushwa kwake mbele ya watu wote. Maana yake ni kulibeba jukumu wakati linapokuja. "Touch base": mkimbiaji hana haki ya kituo mpaka akiguse kwa mguu, hata kwa sekunde. Kwa hiyo "let's touch base on Monday" ni mawasiliano mafupi, simu ya dakika tano au ujumbe, na ukijibu kwa kuandaa kikao cha saa mbili chenye ajenda utakuwa umezidisha. Kinachofuata ni "with": "touch base with the driver". "Cover all the bases" ni kuhakikisha kila kituo kina mlinzi, yaani hakuna tundu lililoachwa wazi. Anayepanga safari ya Misali akaangalia boti, mafuta, maboya ya kuvaa, chakula, ruhusa na utabiri wa bahari, huyo "has covered all the bases".

"Curveball" ni mpira unaorushwa kwa kuzungushwa vidole ili ukaribie kama ulionyooka, kisha upinde mbele ya mpigaji. "The interview threw me a curveball" maana yake ni kwamba swali lilikuja kwa njia ambayo msemaji hakuitegemea. Sharti lake ni mshangao, si ugumu peke yake. Swali gumu ulilolitarajia haliitwi hivyo.

"Drop the ball" unawachanganya wapenzi wa soka, maana katika soka anayeushika mpira kwa mkono ni kipa tu. Basi mfikirie kipa. Krosi imekuja laini, hakuna anayemsukuma, mikono iko tayari, akautema. Lawama ni yake peke yake kwa sababu kazi ilikuwa yake na aliiweza. Ndivyo msemo unavyotumika: dereva aliyeahidi kumpokea mgeni bandarini akasahau, "he dropped the ball". Mvua ikikata njia gari lisipite, hakudondosha kitu.

Na "ballpark" ni uwanja wa besiboli. Makadirio yaliyo "in the ballpark" yameangukia ndani ya uwanja. Hayajapiga penyewe, lakini hayakutoka nje ya ukuta. Anayeomba "a ballpark figure" mpe kiwango chenye pande mbili na umwambie wazi kwamba si bei ya mwisho. Kwa mfano: "Roughly 450 to 500 dollars for the whole group, to be confirmed once we have the date." Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza ni kutuma hesabu kamili yenye senti zake, ambayo mgeni ataishika kama ahadi. La pili ni kutaja bei ya chini sana ili kumvuta, kisha kuipandisha maradufu. Akirudi kulalamika atakwambia ile ya mwanzo "wasn't even in the ballpark", na atakuwa na haki.

Umebaki mmoja ambao kwa hali ya hewa yetu unachekesha masikio: "I'll take a rain check". Umemwalika mtu Forodhani mwezi wa Juni, kusi linavuma, mbingu safi, naye anakutajia mvua. Viwanja vya besiboli havikuwa na mapaa. Mvua ikiharibu mechi, kipande cha tiketi kilimruhusu mtu aje siku nyengine bila ya kulipa tena. Anayekujibu hivyo anakataa kwa upole na kuomba mwaliko uendelee kuishi. Ni sawa na "siku nyengine, inshaallah" ya kwetu, na kama ile ya kwetu, mara nyengine siku hiyo haifiki. Usimbane kwa kumuuliza siku gani.

Kriketi na magongo mawili

Kriketi iliwahi kuchezwa Mnazi Mmoja enzi za himaya ya Waingereza, iliyoanza 1890, lakini vijana wengi wa leo hawajawahi kuushika mpira wake. Njia ya katikati ina urefu wa mita 20.12. Kila mwisho wake kuna vijiti vitatu vilivyosimama na vipande viwili vya mbao vilivyolazwa juu, na hivyo kwa pamoja huitwa "wicket". Mrushaji anataka kuviangusha, mpigaji anavilinda kwa gongo bapa. Tofauti na besiboli, mpira kwa kawaida hudunda chini kabla ya kumfikia mpigaji, na kudunda huko ndiko kulikozaa "sticky wicket". Zamani njia ile haikufunikwa. Ikinyeshewa kisha jua likaanza kuikausha, inanata, na mpira hudunda ovyo, mara juu, mara chini. Mpigaji hodari hufedheheka bila ya kosa lake. "He's on a sticky wicket" ni mtu aliyekaa mahali pabaya, ambapo kila jibu linaweza kumgeukia.

"Stumped" ni kutolewa na mdaka mpira wa nyuma anayeviangusha vile vijiti wakati mpigaji ametoka kwenye mstari wake. Katika maneno ya kila siku ni kukosa jibu: "that question stumped me". "Bowled over" ni kuangushwa na mrushaji, lakini siku hizi ni sifa. Mgeni akiandika mtandaoni kwamba machweo ya Nungwi "bowled us over", meneja asianze kuandaa barua ya kuomba radhi.

Mahali panapotaka uangalifu zaidi ni pale kriketi na besiboli zinapogongana. Yote ni michezo ya gongo, yote ina pigo kubwa linalotoa mpira nje ya uwanja, na misemo yake inafanana kwa sura huku ikipingana kwa maana.

Katika kriketi mpira ukipigwa ukavuka mpaka bila ya kugusa chini, mpigaji anapata mikimbio sita. Ungedhani msemo wake utakuwa wa furaha. Hapana. "The news knocked me for six" ni khabari mbaya iliyomtikisa mtu mpaka akapoteza mwelekeo. Katika besiboli pigo lile lile limezaa "you hit it out of the park", nayo ni pongezi: umefanya vizuri kupita kiasi. Sababu ya kupingana ni mahali alipo msemaji. Kwenye msemo wa kriketi yeye ni mpira, amepigwa akarushwa mbali. Kwenye msemo wa besiboli yeye ndiye aliyeshika gongo. Ukilijua hilo hutampongeza Mwingereza aliyekwambia ugonjwa wa mama yake umem-"knock for six".

Mgongano wa pili ni wa gongo lenyewe. Mwingereza husema mtu amefanya jambo "off his own bat", yaani kwa hiari yake, bila ya kuagizwa, kwa kuwa mikimbio ile aliipata kwa gongo lake mwenyewe. Mmarekani husema "right off the bat", yaani papo hapo, tangu mwanzo, kwa kuwa mpira ukigusa gongo tu mchezo umeanza. Moja ni ya nani aliyeamua, nyengine ni ya wakati. "She called the clinic off her own bat" ni sifa kwa aliyewahi bila ya kuambiwa. "She called the clinic right off the bat" ni khabari ya kwamba hakuchelewa. Anayezichanganya huwa hajakosea sarufi, amesema jambo jengine kabisa, na msikilizaji hatamsahihisha kwa sababu sentensi zote mbili ni sahihi.

"Hat-trick", ambayo watangazaji wetu wa soka huitaja kila wiki, nayo ni mtoto wa kriketi. Mwaka 1858 huko Sheffield, H. H. Stephenson aliwatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo, watu wakachangishana na kumnunulia kofia. Kwa hiyo Kiingereza huitumia kwa mambo matatu ya mafanikio yanayofuatana, si ya soka pekee.

Msemo mwengine wa kuuogopa: "he had a good innings". "Innings" ni muda ambao mpigaji amedumu kabla ya kutolewa. Husemwa kwa marehemu aliyeishi umri mrefu. Wenyewe kwa wenyewe wanafarijiana nao, lakini mgeni wa lugha asiupeleke msibani. Kwa marehemu kijana ni kosa kubwa, na hata kwa mzee unaweza kusikika kama unaupunguza uzito wa msiba.

Ngumi, farasi, bastola

Misemo ya ndondi inafahamika haraka kwa sababu mwili wa mtu ni mmoja duniani kote. "Below the belt" ni pigo chini ya mkanda, lililokatazwa: kumtajia mtu talaka yake katika mjadala wa bajeti. "On the ropes" ni kubanwa kwenye kamba, karibu kuanguka. "Throw in the towel" ni kukubali kushindwa; ulingoni taulo hurushwa na msaidizi wa kwenye kona, lakini katika msemo mtu hujirushia mwenyewe. Usiache "in": ukisema "throw the towel" umerusha taulo tu. Kuhusu "saved by the bell", kengele ni ya ulingoni, inayomaliza raundi wakati mtu amezidiwa. Hadithi ya wafu waliofungiwa kengele makaburini, ili waigonge kama wamezikwa hai, ni nzuri kuisimulia lakini si asili yake. Ajabu yenyewe ni kwamba katika kanuni nyingi za ngumi za kulipwa za leo kengele haimwokoi tena aliyekwisha anguka. Msemo umeishi kuliko kanuni yake.

"Win hands down" hauhusu kusalimu amri. Mpanda farasi aliyewaacha wenzake mbali hulegeza hatamu na kuteremsha mikono kabla ya kufika, hana haja tena ya kumhimiza mnyama. Ni ushindi wa kama kumsukuma mlevi. "First past the post" nao ni wa farasi, nguzo ikiwa ndiyo mwisho wa mbio, na leo ni jina la mfumo wa uchaguzi ambao mwenye kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake hushinda, hata kama hakufika nusu.

"Jump the gun" ni wa riadha: kuondoka kabla ya bastola kulia. Tangu 2010, katika mashindano makubwa ya mbio fupi, mkimbiaji anayekosea mara moja tu anatolewa, na anayeanza chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya mlio huhesabiwa ameuwahi. Mtu akitangaza ajira ya mtu kabla mkataba haujasainiwa, "he jumped the gun". Wazee wetu walishasema usikate kanzu, mwana hajazaliwa.

Gofu imetuachia fumbo dogo. Kila shimo lina idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kutumia, nayo huitwa "par". Kutumia machache ni ushindi. Iweje basi mfanyakazi aliye "below par" awe anafanya vibaya? Jibu ni kwamba neno hilo ni la Kilatini lenye maana ya "sawa", na lilitumika katika fedha zamani kabla ya gofu kulichukua. Kitu kilicho chini ya thamani yake kilikuwa "below par" tangu wakati huo. "Par for the course" ndio wa gofu kweli: jambo la kawaida, la kutarajiwa, na karibu kila mara hutamkwa kwa kuguna. Boti imechelewa tena? "Par for the course."

Useme na nani

Kuielewa misemo hii ni lazima kwa anayefanya kazi na wageni. Kuitumia ni khiari, na mara nyingi khiari bora ni kuacha. Wageni wengi wanaoshuka Zanzibar ni Wataliano, Wafaransa, Wajerumani, Wapolandi. Kwao pia Kiingereza ni lugha ya kujifunza, na besiboli wanaijua kama tunavyoijua sisi. Ukimwandikia Mpoland "let's touch base", mmekuwa wawili mnaobahatisha. Mwandikie "I will call you on Monday at ten" na kazi imekwisha. Kwa Mwingereza chagua za kriketi na soka, kwa Mmarekani za besiboli. Katika mkataba, maelekezo ya dawa au ya usalama wa kupiga mbizi usitie hata mmoja, awe msomaji nani.

Misemo hii pia haipendi kuguswa. Huwezi kusema "the ball is at your court" wala "move the goalpost" kwa jiwe moja. Vihusishi na wingi vimeganda. Wala usiiunganishe miwili ya michezo tofauti katika sentensi moja, mpira uko kwenye tenisi na wewe unatakiwa usimame kwenye bamba la besiboli. Wenyewe hufanya hivyo wakisahau, na huchekwa.

Kwa mfasiri na mkalimani kuna hazina nyumbani ambayo mara nyingi huachwa. Kiswahili nacho hutoa misemo yake uwanjani kila msimu. "Warm the bench" ni kusugua benchi. "Give someone the runaround", kumzungusha mtu ofisi hadi ofisi, ni kumpiga danadana, tena picha yetu ni kali zaidi, kwani aliyepigwa danadana haendi popote, anarushwa juu na kurudi pale pale. Dakika za lala salama ni "the dying minutes". Na yule mwenye mpira wa chandimu aliyefungwa mawili, akakasirika, akautia kwapani na mechi ikaishia hapo, Mmarekani anamjua pia, kwa jina lile lile: "he took his ball and went home".